Taiichi Ohno: Fundi wa Toyota aliyesaka dakika zinazopotelea foleni

SIMAMA dakika tano kando ya barabara yoyote ile, iwe Nairobi, Mombasa au Eldoret, uhesabu magari yanayopita. Probox iliyojaa mizigo hadi paani, Vitz ya teksi, Hiace ya abiria, Hilux ya mjengo. Nyingi ni Toyota. Jina hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini ukiuliza ni akina nani walioitoa kampuni hiyo katika hali mahututi mwaka wa 1950 hadi ikawa jitu la magari duniani, wengi watabaki wakikuna kichwa.

Mmoja wao ni Taiichi Ohno. Huyu bwana hakuwa mwenye kampuni, wala hakuna gari linalokumbukwa kwa jina lake. Alikuwa mtu wa karakana, wa kuzunguka kati ya mashine siku nzima. Kilichompa sifa ni tabia yake ya kutaka kujua kila kazi imelala kwa muda gani katika kila hatua, na inangoja nini.

Kabla hatujafika Japani, hebu fikiria fundi wa nguo mtaani kwenu. Unampelekea kitambaa Jumatatu akushonee shati, naye anakwambia uje Ijumaa ya wiki ijayo. Ukihesabu muda ambao mkasi na cherehani zitagusa kitambaa chako, pengine ni saa tatu tu. Siku zingine zote kitambaa kimelala. Kimelala kwenye rafu kikingoja kukatwa, kikalala tena kikingoja kushonwa, halafu kikalala siku mbili nzima kwa sababu vifungo havijanunuliwa.

Sasa ukitaka shati litoke mapema, utamsukuma fundi apige cherehani mbio? Hata akimaliza kwa saa mbili badala ya tatu, umeokoa saa moja kati ya siku kumi na moja. Dawa iko kwenye zile siku ambazo hakuna mtu aliyekigusa kitambaa. Jambo hili linaonekana wazi ukielezwa hivi, lakini viwanda vikubwa vilikaa miaka na mikaka bila kulishughulikia.

Uzi ukikatika, mashine isimame

Ohno alizaliwa tarehe 29 Februari 1912 katika mji wa bandari wa Dalian, kaskazini mashariki mwa Uchina, wakati mji huo ulikuwa mikononi mwa Japani. Ndiyo, 29 Februari. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ikifika mara moja tu kila baada ya miaka minne.

Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi mjini Nagoya, akamaliza mwaka wa 1932. Hizo zilikuwa siku mbaya za kutafuta kazi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na kijana mwenye cheti mkononi angeweza kusota kama wanavyosota wengi siku hizi. Yeye alipata nafasi katika kampuni ya familia ya Toyoda. Wakati huo haikuwa ya magari. Ilikuwa ikisokota nyuzi na kufuma vitambaa.

Mwanzilishi wake, Sakichi Toyoda, alikuwa amefariki miaka miwili awali, lakini aliacha mashine ya kufuma ya ajabu. Uzi ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Basi mfanyakazi mmoja aliweza kuchunga mashine nyingi kwa wakati mmoja, maana hakuhitaji kusimama mbele ya moja akiikodolea macho. Wazo hilo lilimkaa Ohno kichwani maisha yake yote: mashine ifanye kazi ya mashine, na mtu asigeuzwe mlinzi wa kuangalia chuma kikizunguka.

Miaka hiyohiyo alisikia hesabu iliyomkera. Ilisemekana kwamba kazi ya Mmarekani mmoja kiwandani ilihitaji Wajapani tisa. Ohno hakuamini kwamba Mmarekani ana misuli ya watu tisa. Ikiwa tofauti ni kubwa hivyo, alijiambia, basi kuna kitu Wajapani wanakipoteza njiani.

Mwaka wa 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alihamishwa hadi Toyota, kampuni ya magari iliyoanzishwa mwaka wa 1937 na Kiichiro, mwanawe Sakichi. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, Kiichiro alitoa agizo ambalo lilionekana kama ndoto ya mchana: kampuni iwafikie Wamarekani kwa miaka mitatu. Nchi ilikuwa magofu matupu. Hakukuwa na pesa za kununua mashine mpya. Kitu pekee ambacho Ohno angeweza kuongeza ni akili.

Karakana ya dakika za lala salama

Alipokabidhiwa karakana ya kukereza vyuma, aliwakuta mafundi wamejipanga kwa utaalamu. Wenye mashine za kukereza walikuwa upande mmoja, wenye za kutoboa upande mwingine. Kipande cha chuma kilimaliza hatua moja, kikatupwa kwenye rundo, kikangoja rundo lijae, ndipo kikabebwa kwenda kungoja mbele ya hatua nyingine. Wakati huo fundi naye alikuwa amesimama akiitazama mashine yake ikikata.

Kuanzia mwaka wa 1947 Ohno alizipanga upya mashine kwa kufuata safari ya kipande chenyewe. Cha kwanza hapa, cha pili kando yake, cha tatu kinafuata. Fundi mmoja alipewa mashine mbili, baadaye tatu au nne za aina tofauti. Kipande kikawa kinatoka mkononi na kuingia hatua inayofuata bila kulala.

Mafundi walikasirika. Mtu aliyejivunia ukerezaji kwa miaka mingi hakufurahia kuambiwa ashike na mashine ya kutoboa. Isitoshe, kila mtu aliona wazi kwamba karakana ikihitaji watu wachache, kuna wenzao watakaobaki bila kazi. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kama tutakavyoona.

Kulikuwa na tatizo lingine ambalo mwanafunzi yeyote aliyewahi kuandika insha usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi atalitambua. Kiwanda kilikaa sehemu kubwa ya mwezi kikikusanya vipuri. Taa zipo, injini bado, milango imekwama mahali fulani. Halafu mwisho wa mwezi ukikaribia, kila mtu alikimbia kama mwendawazimu kuunganisha magari yatimie. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Ukiangalia ripoti ya mwezi ungedhani mambo ni shwari, kwa kuwa jumla ya magari ilitimia. Ripoti haikuonyesha kwamba vipuri vingi vilikaa wiki kadhaa vikingoja kipande kimoja ambacho hakijafika.

Mwaka mgumu wa 1950

Mwaka wa 1949 sera kali za kubana uchumi ziliua soko la magari nchini Japani. Toyota ilikuwa imeunda malori ambayo hayakuwa na wanunuzi. Pesa zote za kampuni zilikuwa zimesimama uwanjani kwa umbo la chuma na matairi. Mabenki yaliyokuja kuiokoa yalitoa masharti, na mnamo 1950 kampuni ikatangaza kupunguza watu. Wafanyakazi waligoma. Mwishowe zaidi ya 1,500 waliondoka, na Kiichiro Toyoda mwenyewe akajiuzulu kwa kuwajibikia hali hiyo. Alifariki mwaka wa 1952 kabla hajaiona kampuni yake ikisimama.

Wiki chache baada ya mgomo kuisha, vita vilizuka Korea na jeshi la Marekani likaagiza malori. Toyota ikapumua. Wengine wangefurahia soko na kurudi kwenye mazoea ya kuunda kwa wingi. Ohno alikuwa amepata funzo chungu: kuunda kitu ambacho hakuna aliyekiagiza si kazi, ni kuweka pesa mahali zitakapolala. Katika orodha yake maarufu ya aina 7 za upotevu, kuunda kupita kiasi kulitangulia. Zilizobaki ni kungoja, kusafirisha bila haja, kufanyia kitu kazi kuliko inavyotakiwa, kujaza stoo, mizunguko ya bure ya mwili, na kutoa bidhaa mbovu.

Kadi iliyofanya foleni ionekane

Suluhisho alilitoa mahali ambapo hungetarajia: supamaketi. Alikuwa amesoma jinsi maduka ya Marekani yalivyouza. Mteja anachukua mwenyewe anachotaka, kwa kiasi anachotaka, na mwenye duka anajaza rafu kulingana na kilichoondoka. Hakuna anayemletea mteja magunia kumi ya unga eti kwa sababu mashine ya kusaga haina kazi.

Mwaka wa 1953 alianza kuitumia kanuni hiyo karakanani. Hatua ya mbele ndiyo ikawa mteja. Ikihitaji vipande, inakwenda kuvichukua kwa hatua ya nyuma. Kila sanduku la vipande lilikuwa na kadi ndani ya mfuko wa plastiki, ikieleza ni kipande gani, vingapi, vinatoka wapi na vinakwenda wapi. Sanduku likichukuliwa na kuanza kutumika, kadi inarudi nyuma, na kurudi kwake ndiko agizo la kutengeneza mengine. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Kijapani kadi hiyo inaitwa kanban.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba idadi ya kadi iliweka kikomo. Kama kadi ni kumi, masanduku hayawezi kuwa kumi na moja. Na hapa kuna hesabu ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka wa 1961, nayo inafanya kazi hadi leo iwe ni kiwandani, hospitalini au kwenye kibanda cha chips. Chukua idadi ya kazi zilizo mkononi, gawanya kwa zile zinazomalizika kwa siku, utapata wastani wa siku ambazo kazi moja inakaa. Fundi wa simu mwenye simu 30 mezani na anayemaliza 5 kwa siku, mteja wake atangoja kama siku 6. Akipokea kwa kiasi hadi mezani zibaki 10, mteja atangoja siku 2, na fundi hajaongeza kasi hata kidogo.

Ohno alifika mahali hapo kwa macho na miguu. Masanduku yakirundikana mbele ya mashine fulani, kila mpita njia aliona ni wapi kazi imekwama. Rundo ambalo zamani lilionekana kama dalili ya bidii sasa likawa dalili ya ugonjwa.

Kasi nayo iliamuliwa na wateja. Tuseme wanunuzi wanahitaji magari 230 kwa siku, na siku ina dakika 460 za kazi. Basi gari moja litoke kila dakika 2. Hatua inayochukua dakika 3 itachelewesha wote. Lakini hata ile inayochukua dakika 1 ni tatizo ikiachwa iendelee kuzalisha, maana itajaza rundo mbele ya wenzake.

Saa tatu hadi dakika tatu

Ili mambo yaende hivyo, ilibidi kuondoa kizuizi kikubwa. Mashine za kufinya bati liwe mlango au boneti hutumia kalibu nzito za chuma. Katika miaka ya 1940 kubadilisha kalibu moja na kuweka nyingine kulichukua saa mbili hadi tatu. Kwa hivyo mameneja waliona afadhali kufinya milango maelfu kwa mkupuo kuliko kupoteza saa hizo kila mara. Milango hiyo ikaenda kulala stoo.

Ohno na wenzake, akiwemo mshauri Shigeo Shingo, walichambua hatua za ubadilishaji moja baada ya nyingine. Ni zipi lazima zifanywe mashine ikiwa imesimama, na ni zipi zinaweza kuandaliwa mapema mashine bado inafanya kazi? Ni muda gani watu wanautumia kutafuta boliti tu? Kidogo kidogo saa zikawa dakika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo ilikuwa ikifanywa kwa dakika 3. Sasa wangeweza kufinya milango michache, wabadilishe, wafinye boneti chache, bila rundo.

Mbinu yake ya kufundisha haikuwa ya upole. Waliofanya kazi chini yake walisimulia jinsi alivyochora duara kwa chaki sakafuni, akamwambia msimamizi asimame ndani yake atazame. Saa zilipita. Baadaye Ohno alirudi kuuliza ameona nini, na kama jibu halikumridhisha, mtu alibaki pale pale. Alitaka wajue kwamba karatasi za ofisini hazionyeshi kazi inavyolala. Pia alihimiza kuuliza kwa nini mara tano mfululizo, maana jibu la kwanza kwa kawaida huishia kumlaumu mtu, ilhali chanzo kiko mbali zaidi.

Wengi hawakumpenda. Kwa miaka mingi watu walikataa hata kuuita mpango huo wa Toyota. Waliuita wa Ohno, kana kwamba ni kichaa chake binafsi. Kilichomwokoa ni kukingiwa kifua na mkubwa wake, Eiji Toyoda. Ilichukua takriban miaka kumi, hadi 1962, kadi zikaenea kampuni nzima. Kisha bei ya mafuta ilipopaa mwaka wa 1973 na viwanda vya Japani kuyumba, Toyota ilijikwamua haraka kuliko wengi. Hapo ndipo waliokuwa wakimcheka walianza kuja kuangalia.

Upande wa pili wa saa

Hata hivyo, tusimpake Ohno mafuta mno. Mwaka wa 1972 mwandishi wa habari Satoshi Kamata aliajiriwa Toyota kama kibarua wa msimu, akaandika kitabu kuhusu aliyoyaona. Alieleza watu waliochoka hadi mifupa, mkanda uliozidi kuongezewa kasi, na kila sekunde iliyookolewa ikijazwa kazi nyingine. Kumbe dakika ya kungoja, ambayo kwa meneja ni hasara, kwa kibarua ilikuwa nafasi ya kunyoosha mgongo.

Mpango wenyewe pia una udhaifu. Ukiishi bila akiba, jambo dogo linaweza kukuangusha. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki mjini Kariya, kilichotengeneza kifaa kidogo cha breki, na ndani ya siku chache viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama. Ushirikiano wa wauzaji wengine wa vipuri ndio uliovifufua.

Ohno hakuyaona hayo. Alistaafu Toyota mwaka wa 1978 akiwa mmoja wa makamu wa rais, mwaka uleule alipotoa kitabu kuhusu mfumo wake, na akafariki tarehe 28 Mei 1990 katika mji wa Toyota akiwa na umri wa miaka 78.

Kadi zake zimesafiri mbali kuliko magari. Leo timu za vijana wanaounda programu za kompyuta, hata hapa Nairobi, hutumia ubao wenye safu: ya kufanywa, inafanywa, inakaguliwa, imekamilika. Kila kazi ni kadi inayosogea kutoka safu moja hadi nyingine, na programu inarekodi imekaa siku ngapi katika kila safu. Mara nyingi inagunduliwa kwamba kuandika programu kulichukua siku mbili, halafu kazi ikalala siku tisa ikingoja mkubwa aikague.

Kuna pia wanaotumia saa kwa njia nyingine. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wanajua programu zinazohesabu umebonyeza kibodi mara ngapi na kupiga picha skrini yako. Programu kama hizo zinamfuata mtu, na haziwezi kukuonyesha kazi iliyolala kwenye barua pepe ya bosi kwa wiki nzima.

Kama una hasla yako, iwe ni kushona, kupiga picha za harusi, kuchapisha fulana au kurekebisha simu, huhitaji programu ya bei. Chukua daftari. Kwa kila kazi andika tarehe ilipoingia, ilipoanzwa, ilipomalizika na ilipochukuliwa na mteja. Baada ya mwezi mmoja, tazama ni kati ya tarehe zipi siku nyingi zimepotea. Huenda ukagundua kwamba mkono wako hauna neno, ila unapokea kazi nyingi kwa mpigo, au unangoja vifaa ambavyo ungenunua mapema. Ukishaona shimo liko wapi, anza kuziba hapo kabla hujajinyima usingizi.